Kitengo cha Akaunti za Marehemu

Migwani,
Jumanne, 4 Februari 2025

Nzisa, mwiitu wa mwaitu, binti wa mama yangu,

Natumai hujambo huko Emali, wewe na saiba yako ya kompyuta na vumbi la malori. Huku tuko. Ndunge amerudi chuoni juzi, kwa hivyo nyumbani tumebaki mimi na kuku.

Utashangaa dada yako anakuandikia kwa kalamu na simu anayo. Nitakuambia. Barua hii anakuletea Kitonga, yule wa pikapu anayetoa nyanya kwenu na kuzileta huku siku za soko. Nimemwambia akupe mkononi.

Unajua simu ya marehemu Mwalimu wangu sijawahi kuizima tangu tumzike. Ikiisha chaji naichaji, narudisha juu ya kabati, upande wake. Usiniulize kwa nini. Krismasi Ndunge aliiwekea bando la intaneti ili atoe picha za baba yake, na hakuna aliyekumbuka kulizima. Basi Alhamisi iliyopita, jua la mchana, nilikuwa nimekaa na ungo nachambua ndengu. Nje kimya, hata kuku wamejificha chini ya ghala. Simu ikatetemeka juu ya kabati. Ikatulia. Ikatetemeka tena.

Ilikuwa imeli ya benki. Nakunakilia neno kwa neno: "Mpedwa Mteja Gedion Nthiwa. Akaunti yako imeonekana ikitumika jana. Ikiwa si wewe, bonyeza hapa. Ikiwa ni wewe, bonyeza hapa."

Ikiwa ni wewe! Nzisa, mimi ni mtu wa kanisa na mambo ya mizimu siyasikilizi, lakini ungo uliniponyoka, ndengu zikamwagika sakafuni. Niligeuka nikatazama mlangoni kama mjinga.

Nikawajibu kwamba mwenye akaunti amefariki, mimi ni mjane wake. Hawakuchukua hata saa moja. Wakaniandikia pole nzuri sana, kuliko pole nyingi nilizopewa na watu wa hapa. Wanaitwa Kitengo cha Akaunti za Marehemu. Wakaniambia Mwalimu ana akaunti nyingine nisiyoijua, na ndani yake ameandika mrithi mwingine ambaye si mimi. Jina hawawezi kulitaja mpaka nithibitishe kuwa mimi ndimi mke. Wameniomba nisimwambie mtu, hata wafanyakazi wa tawi letu la Mwingi, na nisilizungumze jambo hili kwa simu, kwa sababu kuna uchunguzi. Ndiyo maana ya kalamu.

Sasa nakuuliza wewe. Alikuwa akija Emali kila mwezi kumwona daktari wake wa presha, na lazima apite dukani kwako. Mlikuwa mkiongea. Huyo mwanamke ni nani?

Dada yako,
Kaveke


Emali,
Alhamisi, 6 Februari 2025

Dada Kaveke,

Nimekupigia mara tisa tangu jana. Shika simu, tafadhali. Kama hushiki, basi soma hapa polepole.

Hao si benki. Ni wezi. Nakaa na kompyuta mchana kutwa, wateja wananiletea vitu kama hivi kila wiki. Bonyeza pale kwenye jina la aliyetuma, utaona anwani yenyewe ikitokea: si ya benki, ni herufi na namba zimechanganywa tu. Halafu tazama hiyo imeli haitaji hata benki ni gani. Inasema "akaunti yako" tu ili kila mtu ajaze yake. Benki haikuulizi namba yako ya siri, haikuulizi kadi yako, haikuharakishi kwa vitisho. Na benki gani itakukataza kuongea na watu wake? Anayekwambia usimwambie mtu anajua mtu huyo atakuambia ukweli.

Usibonyeze yale maandishi ya buluu. Usijibu tena. Panda gari uende Mwingi wewe mwenyewe, uingie tawini, umwonyeshe mtu aliyekaa nyuma ya meza. Usipige namba waliyokupa wao.

Kuhusu mwanamke, sijui lolote.

Ningekuja mwenyewe ila huu ni msimu wa fomu za shule, duka halina wa kuliacha.

Mdogo wako,
Nzisa


Migwani,
Ijumaa, 7 Februari 2025

Nzisa,

Barua yako nimeisoma mara mbili, Kitonga akinisubiri nje. Wezi umewaandikia aya mbili nzima. Mwanamke umempa mstari mmoja. Wewe unayeweza kuniandikia ukurasa juu ya bei ya karatasi!

Sikiliza, na nikikosea unisahihishe. Januari mwaka jana tulikuwa tumebakiza wiki moja tulipie ile ploti, kile kiwanja cha sokoni. Akiba ya miaka kumi na minne, ya kwake na ya mbuzi wangu. Nikamwambia twende benki. Akasema pesa hazipo. Nikauliza zimeenda wapi. Akatazama mikono yake. Nikauliza, ni mwanamke? Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema, "Kaveke, niache." Mwanamume asiye na hatia hukataa, au sivyo?

Nilimtandikia kule chumba cha nje. Wiki sita nilimpikia, nikamwekea sahani mezani, sikumsemesha neno. Akisema asante kwa chakula, nainuka. Siku ya kumi na mbili Machi alianguka pale kando ya tangi la maji, mtungi ukamwagika wote. Nilipofika alikuwa ananitazama, na mimi hata wakati ule, Nzisa, kinywa changu kilikuwa kimezoea kufungwa. Nilimshika kichwa. Sikumwambia kitu.

Sasa kila nikipita pale kwenye tangi napita kwa upande mwingine. Mchana kweupe nasikia mtu amesema asante, nyumba haina mtu.

Kwa hivyo usiniambie nisibonyeze. Nilishabonyeza. Nimejaza kitambulisho changu, tarehe ya kuzaliwa, namba za kadi yangu, ile ya akaunti zilipoingia zile pesa zake za uzeeni Desemba. Wanasema lazima akaunti yake iunganishwe na yangu ndipo jina lionekane. Jumanne saa sita watanitumia namba kwenye simu yangu, niwasomee, wamalize.

Pesa sizitaki. Nataka jina tu. Kama mwanamke yupo, basi zile wiki sita alistahili.

Kaveke


Emali,
Jumatatu, 10 Februari 2025

Dada yangu,

Kitonga anaondoka alfajiri. Nimemlipa asiteremshe nyanya popote kabla hajafika kwako, na asitoke mlangoni mpaka umalize kusoma. Nimekupigia tangu Ijumaa jioni mpaka nimechoka. Nilifikiria kumpigia mchungaji wako, nikashindwa, kwa sababu angeniuliza nimejuaje.

Hakuna mwanamke. Hajawahi kuwapo. Niliapa kwa Mwalimu kwamba sitasema, na leo nakivunja kiapo.

Januari ile alikuja kutoka kwa daktari, akaingia saiba akiwa na haraka. Akaniambia amepata imeli ya benki kwenye simu, herufi ni ndogo, hazioni. Nikamkalisha kwenye kompyuta ya tatu, ile ya karibu na dirisha. Unamjua, hasomi kitu cha maana mpaka kiwe karatasi. Akaniambia nimchapishie. Akatoa kalamu yake nyekundu mfukoni, akaanza kusahihisha. Imeandikwa "Mpedwa Mteja", akaizungushia duara. Chini akatoa alama, sita kwa kumi. Akasema, "Hata benki siku hizi inaajiri watu wasiojua kuandika." Tukacheka, Kaveke. Tulicheka sana.

Kisha akajaza walichotaka. Vidole vyake vilikuwa vizito kwenye herufi, na nje kulikuwa na foleni ya watu wanangoja. Nikamwambia, "Shemeji, sogea nikuandikie." Nilimwandikia mimi. Jina, kadi, kila kitu. Namba ilipoingia kwenye simu yake akanisomea, nami nikaiandika. Ni vidole vyangu vilivyobonyeza. Mimi ninayekaa na kompyuta mchana kutwa.

Hakuwa amefika hata stendi. Akarudi, amesimama mlangoni na simu mkononi, uso umekuwa wa mtu mwingine. Ujumbe ulikuwa umeingia kwamba pesa zimetoka. Tukapiga benki, tukaambiwa twende tawini, tukaenda, na zilikuwa zimeshapita mikono mitatu. Polisi wakaandika kwenye kitabu.

Nilimwambia twende pamoja kwako, nieleze mimi. Akakataa. Akasema, "Nimefundisha watoto wa Migwani miaka thelathini na mbili. Kaveke akijua nimedanganywa kama mtoto wa darasa la kwanza, ataniangaliaje?" Nikamwambia atadhani mabaya. Akajibu, na maneno haya nayasikia nikifungua duka na nikifunga: "Afadhali anione mwovu kuliko anione mjinga. Uovu mtu husamehewa."

Baada ya hapo alikuja mara moja tu. Hakuingia ndani, alisimama nje. Nilimuuliza umemwambia? Akatikisa kichwa. Nikamwona amekonda. Ningeweza kukupigia siku ile. Sikupiga, kwa sababu kukuambia habari zake kungekuwa kukuambia habari zangu.

Nilikuandikia kwamba duka halina wa kuliacha. Si duka. Naogopa uso wako.

Ndani ya bahasha nimeweka ile karatasi yenyewe, aliisahau pale pale kwenye mashine. Iweke kando ya imeli yako, uzisome pamoja. Wanatumia maneno yale yale, hata lile kosa hawajalirekebisha. Wana orodha, dada. Aliyeibiwa mara moja jina lake huuzwa, wakijua nyumba ile ina mlango wa kuingilia.

Saa sita wakikupigia, usiwasomee namba. Mengine yote unifanyie upendavyo. Lakini namba usisome.

Nzisa


Emali,
Jumatatu, 17 Februari 2025

Dada,

Kitonga anasema alisimama mlangoni kama nilivyomwambia. Anasema ulisoma, ukakaa, kisha ukamwambia akupeleke Mwingi. Zaidi ya hapo hataki kunieleza. Anasema si mambo yake.

Sipigi tena simu. Nimeelewa kwamba sasa hushiki kwa sababu yangu, si ya hao wezi.

Niambie tu kama pesa ziko.

Nzisa


Migwani,
Jumapili, 2 Machi 2025

Nzisa,

Pesa ziko. Naanza na hilo usije ukaruka mistari kulitafuta.

Kitonga alifika saa tatu. Nilisoma nimesimama. Nilipofika kwenye vidole vyako nilitaka kuikunja barua niichome. Ndipo ile karatasi ikaanguka kutoka kwenye bahasha, nikaona wino mwekundu. Mwaka mzima nimetafuta mwandiko wake humu ndani. Vitabu vyake vya shule niliwapa walimu, nikabaki na saini tu kwenye hati ya shamba. Na sasa huyu hapa, "Mpendwa!" kaandika juu ya kosa, na ile n yake yenye mkia. Nililigusa lile neno. Mtu mwingine angeandikiwa hivyo na mumewe barua nzima. Mimi nimepata neno moja, na lenyewe alikuwa akimsahihisha mwizi.

Nikachukua simu, nikaziweka mbili pamoja mezani. Zinafanana kama mapacha. Mpaka pale wanaposema kwa usalama wako usimwambie mtu.

Hata saa sita haijafika, namba ikaingia. Wakapiga. Ni kijana, ana sauti nzuri, ya adabu. Akasema, "Mama Kaveke, pole tena na msiba, tumalizie sasa." Nikamuuliza kama Januari mwaka jana aliongea na mume wangu. Nyuma yake nilisikia watu wengi wakiongea, na mmoja akicheka, kama ofisini kabisa, kama watu wa kazi. Nikasema, "Aliitwa Gedion Nthiwa. Alikuwa mwalimu. Alikufa akidhani yeye ndiye mjinga." Kijana akavuta pumzi. Nilidhani atasema kitu. Akasema, "Mama, muda wa namba unaisha, nisomee."

Nzisa, alijua. Nilimsikia akijua. Na bado akaniomba namba.

Nikakata. Wakapiga tena mara nne tukiwa njiani na Kitonga, nyanya zikilala nyuma kwenye jua.

Tawini nilikutana na binti mmoja anaitwa Nasima, wa zile familia za pale karibu na msikiti wa Mwingi. Nilimweleza yote, na hakunicheka. Alifunga kadi, akafunga kila njia ya kuingia kwenye akaunti kwa simu, akanipa fomu ya kuandika na barua ya kupeleka polisi. Aliniambia ile namba hata yeye hana ruhusa ya kuiona, kwa hivyo anayeiomba si wa benki, awe na sauti gani. Aliniambia wengi hawaji, wanaona haya, na ile haya ndiyo wezi wanayoitegemea kuliko kompyuta.

Nikatoa cheti cha kifo, nikamwomba aniangalizie ile akaunti ya pili ya marehemu. Akaangalia. Akasema, "Mama, hakuna." Nikamwambia aangalie tena. Aliangalia tena, polepole, akasoma kila mstari, kwa heshima tu, kwa sababu alikuwa ameshaona uso wangu. Akasema, "Hakuna nyingine, mama. Alikuwa na hii moja, na mrithi aliyeandikwa ni wewe."

Nilirudi nikakaa kwenye chumba cha nje, kwenye kile kitanda. Umeniokolea pesa, nakushukuru. Lakini umeniondolea yule mwanamke, na nilikuwa namhitaji. Mwaka mzima nimemchukia, nikamvalisha nguo, nikampa hadi kicheko. Nikimchukia yeye nilikuwa napata usingizi. Sasa nikigeuka namwona mzee mmoja mwenye kalamu nyekundu anakula peke yake, na mke wake ameinuka mezani.

Leo kanisani, kwenye shuhuda, nilisimama. Nilisema mume wangu aliibiwa na watu waliojifanya benki, na mimi nilimdhania mabaya mpaka akafa, na wezi wale wale walirudi kwangu. Nilisikia mabati ya kanisa yakilia kwa joto. Nikadhani nimejiaibisha. Kisha Mzee Muindi, yule mweka hazina wa zamani, akasimama nyuma. Akasema na yeye aliibiwa hivyo hivyo, mwaka juzi. Hajawahi kumwambia mtu. Mke wake alikuwa amekaa kando yake, akamgeukia. Baada ya ibada kina mama watatu walinifuata chini ya kivuli cha ukuta na simu zao, "Tuangalizie hii, ni ya kweli?" Nikawaonyesha pa kubonyeza waone anwani. Mmoja alikuwa ameshaanza kujaza. Tumekubaliana Jumatano Nasima aje aongee na chama chetu.

Sasa wewe.

Sijakusamehe. Nataka ujue hivyo, nisije nikaandika maneno ya kanisani halafu nikakudanganya. Kuhusu vile vidole sina neno, yeyote angesema sogea nikuandikie. Ila ulimwona amekonda, ukanyamaza. Na mimi nilimwona kila siku, nikanyamaza. Tumemwacha sisi wawili, kila mmoja kwa njia yake, na sidhani kuna mtu mwingine duniani ninayeweza kukaa naye na jambo hili.

Nina maswali ambayo barua haiyawezi. Siku ile ya kompyuta ya tatu alivaa shati gani? Alikuwa amekula? Mlipocheka, alicheka kwa sauti, au kile cha puani? Kabla hajarudi amesimama mlangoni, alikuwa na furaha? Alitaja ploti? Alinitaja?

Unajua kitu ambacho mimi sikijui: mara ya mwisho Mwalimu alipocheka. Mimi nyumbani sikumpa nafasi.

Funga duka. Njoo Jumamosi, panda gari la asubuhi. Uso wangu utauzoea. Kaa hapa mezani unieleze yote, tangu alipoingia, na usiruke chochote, hata kama nitalia, hata nikikuambia nyamaza.

Dada yako,
Kaveke